Semina ya siku moja haiwatoshi askari magereza

Umeuliza kama semina ya siku moja inawatosha askari magereza kujua haki za wafungwa walio katika mazingira hatarishi. Haitoshi hata kidogo. Kanuni za Mandela, yaani kanuni za kiwango cha chini za kuwatendea wafungwa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka askari wafunzwe kabla ya kuanza kazi na waendelee kufunzwa wakiwa kazini. Ningeanza na mambo ya zamu yenyewe: mwanamke hafungwi pingu akiwa na uchungu wala anapojifungua, mgonjwa wa akili hafungiwi peke yake iwapo kutamzidishia ugonjwa, kiziwi aelezwe kosa analotuhumiwa kwa lugha ya alama, ajitetee, ndipo aadhibiwe. Na mkuu wa gereza naye akae darasani. Askari akirudi zamu akakuta bosi anaruhusu kipigo, atafuata la bosi.