Ukitaka Kuuza Chakula cha Usiku Dar, Mfuate Mteja Anakolala

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa dada mmoja aliyeko Muscat. Anafanya kazi za ndani, mkataba wake unakaribia kuisha, na muda wote huo amejinyima mpaka akiba yake imefikia mahali pa kuitwa mtaji. Ameniandikia hivi: "Dada, naona picha za pale kwako, nyama inavutia. Nikirudi nataka na mimi nifungue sehemu ya msosi na vinywaji. Ila huko pembeni naogopa, naambiwa hakuna watu. Kuna mtu ananitafutia fremu Sinza, kodi mwaka mzima mkononi. Nishauri."

Mdogo wangu, nimekujibu inbox kwa kifupi. Sasa nakujibu kwa urefu hapa, kwa sababu maswali ya namna hii yananijia sana na najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo. Hamtaki kuajiriwa tena. Mnataka sehemu yenu, jiko lenu, na jina lenu kwenye kibao.

Hilo la kwamba pembeni hakuna watu naomba tulimalize kwanza. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam ina watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakwenda kujenga Upanga wala Kariakoo. Nenda Goba, Madale, Bunju, Kinyerezi, Chanika, Mbande, Kibada, utazikuta nyumba zao, nyingine bado hazijapigwa plasta lakini taa inawaka na watoto wanasoma sebuleni. Hata Sinza unayoililia ilianza kama mradi wa viwanja miaka ya 1970. Leo ina kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy, kwa jina la mwanamuziki marehemu Remmy Ongala, na mtu akikwambia tukutane Sinza huulizi Sinza ndiyo wapi. Mji unasogea, na mtu anayekula usiku anasogea nao.

Mimi nilikuwa mhudumu, halafu msimamizi wa zamu, kwenye mgahawa wa hoteli moja mjini. Ujana wangu wote niliumalizia pale. Nilijua mgeni gani anataka meza ya dirishani, nilijua mpishi gani akikasirika chumvi inazidi. Wahudumu wapya walikuwa wanaletwa kwangu nifundishe. 2020 corona ilipokata wageni, tukaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja. Aliyenikabidhi barua hakuniangalia usoni. Alisukuma bahasha juu ya meza, akasema nisaini hapa na hapa. Sitaitaja hoteli hiyo, na sina kesi nayo, lakini kitendo kile bado kinaniuma. Kuna siku nakaanga vitunguu kinanijia tu.

Nikarudi nyumbani Malamba Mawili. Kwa asiyepajua, ni kwenye ile barabara inayotoka Kinyerezi, inapita Kifuru, inakwenda kutokea Mbezi Mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, nikawa nyumbani jioni. Zamani nilikuwa natoka alfajiri na kurudi usiku, mtaa wangu siujui. Sasa nikawa nakaa kibarazani kuanzia saa kumi na mbili, naangalia watu wanavyorudi.

Mtu wa huku anayefanya kazi Posta anapanda mwendokasi mpaka Kimara, anagombania daladala ya Mbezi, halafu anamalizia na bajaji. Anashuka saa mbili usiku, shati limelowa, njaa imeshapita mpaka hasikii tena. Pale aliposhukia palikuwa na nini? Chipsi zilizokaangwa tangu saa kumi, na baa yenye bia na karanga. Aliyetaka nyama ya maana alikuwa ameshaila Sinza au Tabata, akakaa mpaka saa nne, kisha ndipo aanze safari ya kurudi, gari mkononi na pombe kichwani, au bodaboda ya bei ya usiku. Nikajiuliza: huyu mtu anakula mbali na kitanda chake kwa sababu anapenda, au kwa sababu hajapewa pa kulia?

Jibu nililipata kwa supu. Nilianza na turubai, meza chache, supu ya mbuzi na mtori asubuhi, jioni mbuzi choma na ndizi. Tulikuwa tuanze wawili. Mwenzangu, tuliyefanya naye kazi kule hotelini, alikuja kuona eneo siku ya vumbi, akashika gari akarudi mjini. Kesho yake akanitumia ujumbe kwamba pesa yake ameipangia mambo mengine. Sikumjibu. Na kwenye kikao cha harusi ya ukoo, shemeji yangu mmoja akasimama mbele za watu akasema nimetoka hotelini nimekwenda kuwauzia nyani. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, na mume wangu hakucheka, na tangu siku ile nikajua nani ni nani.

Miezi ya katikati nairuka, ilikuwa ni kuamka na kulala.

Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi kikahamia Mbezi, kile cha Magufuli, Ubungo ikabaki historia. Barabara ya Kimara mpaka Kibaha ikapanuliwa. Upande wetu ukapata sura nyingine: watu wa mikoani wanashukia Mbezi usiku, madereva, makondakta, mawakala wa tiketi, wote hao wana matumbo. Hapo turubai likawa banda, banda likawa ukumbi wa makuti wenye sakafu. Leo siku Simba na Yanga wanacheza ukifika baada ya saa tisa hupati kiti. Na shemeji huyo huyo mwaka jana alinipigia simu kuulizia nafasi ya kazi kwa mwanaye. Nikampa kijana kazi. Ni kijana mzuri.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, na wengine wote mnaotaka njia hii. Ya pembeni si biashara ya mjini iliyohamishwa. Mjini unauzia mpita njia. Akichukia, kesho anapita mwingine. Huku hakuna mpita njia, kuna mkazi. Anakuja Jumanne, anakuja Ijumaa, anakuja Jumapili na mke na watoto. Ukimwibia mara moja, umempoteza yeye, jirani yake, na kwaya nzima ya mke wake.

Anza na mizani. Ugomvi mkubwa wa sehemu za nyama choma ni kilo. Nyama ikiingia motoni inapungua, mteja akiletewa sahani anaona ameibiwa. Sisi tunapima mbichi mbele yake, mizani imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na ina alama yao, anaiona namba, anachagua mwenyewe mbavu au paja, ndipo inakwenda jikoni. Mbuzi tunafuata mnada wa Pugu, ambao kwetu ni karibu kuliko kwa mtu wa Mikocheni anayenunua kwa mtu wa pili au wa tatu. Nyama bila muhuri wa mkaguzi haiingii kwangu, hata iwe rahisi namna gani. Ndizi tunachukua Mabibo, Mahakama ya Ndizi, asubuhi na mapema.

Halafu kuna saa. Mtu wa huku siku ya kazi hana usiku mrefu, kesho ataamka saa kumi alfajiri awahi foleni. Ukimwambia asubiri nyama saa nzima na nusu, atakunywa bia moja ya hasira na kuondoka. Kwangu mteja akifika Kimara anapiga simu: "Mama, nusu kilo ya mbuzi na ndizi mbili." Akishuka kwenye bajaji, sahani inatoka jikoni. Nakuambia ukweli, kitu hiki kimoja kimenijengea jina kuliko matangazo yote. Kimara hapa, mbuzi motoni.

Na baba wa familia hapendi kula peke yake akarudi mikono mitupu. Usimngoje aseme. Muulize kama na nyumbani wanahitaji. Weka vifungashio vizuri, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na bado naona watu wanafungia nyama kwenye vitu vya ajabu. Karibu nusu ya nyama yangu ya katikati ya wiki inaliwa majumbani, na huyo aliyeletewa ndiye anayemwambia mumewe Jumapili twende pale.

Mama huyo akija, ataangalia choo. Sisi wanawake tunaangalia choo kabla ya menyu. Choo kiwe na taa, maji, mlango unaofunga, na kisiwe mahali pa kupitia kwenye giza nyuma ya kreti za bia. Maji ya bomba huku yana siku zake, kwa hiyo simtanki ni lazima, tena kubwa. Baa nyingi za pembeni zinaishia kuwa za wanaume watupu, zinabaki na ugomvi na madeni, kwa sababu hiyo tu.

Madeni. Huku wote ni majirani, kila mtu anataka kuandikiwa. "Mama, andika, mwisho wa mwezi." Mimi siandiki. Wapo walioninunia, wapo waliosema najidai. Lakini ukimkopesha jirani bia, hutamwona tena mpaka alipe, na halipi, kwa hiyo umepoteza pesa na mtu kwa pamoja. Lipa namba ipo ukutani.

Karatasi usizifanyie mchezo kwa kudhani mjini ndiko wanakokagua. Hapa kwetu mpaka wa halmashauri unapita kati yetu: Kinyerezi na Kifuru ni Jiji, upande wa Ilala, ukivuka kuja Malamba Mawili umeingia Manispaa ya Ubungo. Kuna watu walihangaika kwenye ofisi isiyo yao. Nenda serikali ya mtaa kwanza, ujue uko wapi, kisha leseni ya biashara, leseni ya vileo ambayo huhuishwa kila nusu mwaka, usajili wa sehemu ya chakula Shirika la Viwango (TBS), vipimo vya afya vya wapishi na wahudumu kila miezi sita, mashine ya risiti. Na kabla hujapiga hata nguzo moja, uliza hifadhi ya barabara inaishia wapi. Waliobomolewa Morogoro Road 2017 kupisha upanuzi walikuwa na majengo ya maana, si vibanda. Niliona watu wazima wakikaa juu ya matofali yao wenyewe. Wengi wa waliokuwa na baa nzuri Kimara na Mbezi walipotelea hapo, na barabara ninayofaidi leo imepita juu ya jasho lao. Silisahau hilo.

Kelele. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Jirani yako huku ni mtu aliyechukua mkopo akajenga nyumba yake ya kwanza ili alale. Una haki gani ya kumfungulia spika dirishani mpaka saa nane usiku? Alikuja mtu akafungua baa ng'ambo yetu, taa za rangi, DJ kila siku, akanichukulia mchomaji wangu kwa mshahara mara mbili. Nililia usiku ule, sioni aibu kusema. Kwa muda wateja walihamia kwake, na mimi nikachoma nyama mwenyewe huku macho yananiwasha moshi. Kisha wazee wa mtaa wakaanza kwenda ofisini kwa mtendaji. 2023 NEMC, baraza la mazingira, walipopita wakifungia baa na kumbi za kelele, Dar nzima ilikuwa inalizungumza, na huyu bwana hakungoja wafike. Alifunga mwenyewe. Mchomaji wangu alirudi, nikampokea, maana mkono ule kwenye mbavu haupatikani kirahisi.

Muziki ninao. Jumapili jioni tunapiga nyimbo za bendi za Msondo na Sikinde, kwa sauti ambayo watu wanaweza kuongea na watoto wakacheza. Saa nne usiku tunapunguza, saa tano jiko linazimwa. Watu wananiambia napoteza pesa za usiku wa manane. Pesa hizo mimi sizitaki. Zinakuja na ngumi, na wasichana wanaohudumia wanarudi nyumbani saa tisa za usiku njia haina taa. Wahudumu wangu ni watoto wa watu. Kila mmoja anarudishwa na bodaboda tunayemjua kwa jina na kituo, na mteja aliyezidiwa naye funguo za gari zinabaki kaunta, hata kama ni mkubwa wa ofisi gani. Aliyekasirika leo kesho huja mwenyewe kuzichukua, na anashukuru kwa sauti ya chini.

Watu wananiuliza kwa nini sasa sifungui tawi mjini, mtaji si umekua. Sitafungua. Nimepata kiwanja Kibamba, upande wa kwenda Mloganzila. Niliposema, nimeulizwa tena swali lile lile la watu wako wapi. Pale kuna hospitali kubwa ya Muhimbili tawi la Mloganzila. Kuna wauguzi wanaotoka zamu usiku, wanafunzi, na ndugu wa wagonjwa waliotoka mikoani ambao hawajui pa kupata uji wala supu isiyo na mafuta mengi. Nimekaa pale jioni kadhaa naangalia wanavyotoka getini wakiuliza bodaboda wapi kuna chakula. Bia tutaweka kidogo, na nyuma. Mbele yatakuwa majiko ya uji, mtori na mchemsho wa kuku, na yataanza kuwaka saa kumi alfajiri.