Siku mbili Kigoma: usibebe kila kitu

Dada, umesema unakuja Kigoma Jumamosi na Jumapili, na unataka kuogelea, kupiga picha, kufika Ujiji na kuwaona sokwe wa Hifadhi ya Gombe. Sokwe waache kwanza. Gombe hufikiwa kwa boti tu, na kuwatafuta sokwe ni kupanda milima. Siku nzima inaishia huko. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyeanza kazi pale 1960, alikaa miezi kabla hawajamzoea, sembuse wewe mwenye siku mbili!

Jumamosi amka saa kumi na moja, nenda mwalo wa Kibirizi. Wavuvi wa dagaa hukesha na taa Ziwa Tanganyika, alfajiri ndipo wanaingia. Picha nzuri ziko hapo: dagaa wanamwagwa, akina mama wanapatana bei, wengine wameshaanza kuanika. Omba ruhusa kabla ya kupiga. Ila tazama kalenda ya mwezi. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti dagaa, na mitumbwi mingi hupumzika. Mimi niliwahi kumpeleka mgeni usiku wa mwezi mpevu, tukapiga picha za nyavu kavu.

Mchana lala, kweli lala. Jioni ukaogelee ufukwe wa Jakobsen, maji yake unaona hadi vidole vyako.

Jumapili panda daladala uende Ujiji, kwenye makumbusho walipokutana wasafiri Livingstone na Stanley 1871. Saa moja inatosha. Kisha samaki mgebuka wa kuchoma na ugali, bila haraka.