Jibu: mzee anatolewa kisanduku cha sauti, hatari inajulikanaje mapema?

Pole sana dada kwa mzee. Umeuliza kama madaktari wanaweza kujua mapema nani atapata shida baada ya kutolewa kisanduku cha sauti, na kwa vile umesema alishapigwa mionzi na kansa ikarudi, hapo ndo pa kuangalia sana. Mionzi inaharibu mishipa midogo ya damu, nyama ya shingo inapona taratibu, na shida kubwa ni fistula yaani mshono wa ndani unaachia halafu mate yanavujia kwenye kidonda cha shingo, mgonjwa anakaa wiki kadhaa bila kula kwa mdomo. Ndo maana wengine wanawekewa hapo shingoni nyama yenye damu nzuri kutoka kifuani kwao wenyewe, muulize daktari kama wamepanga hivyo.

Kuna kikokotoo cha Marekani cha kukadiria hatari ya opareshen kinaitwa NSQIP, unajaza umri, sukari, sigara kinakupa asilimia ya hatari, ila kwa opareshen kubwa za shingo tafiti kadhaa zimeona kinakadiria chini, mi nisingekitegemea peke yake. Ulizia albumini, yaani protini ya kwenye damu (chini ya 35 g/L sio nzuri), wingi wa damu, na TSH, yaani kipimo cha tezi ya shingoni (thairoidi), hii wengi wanaisahau wakati mionzi inadhoofisha tezi hiyo na tezi ikilegea kidonda kinagoma kufunga, na dawa yake ni vidonge tu! Kama amekonda sana alishwe hata kwa mpira wa puani wiki moja au mbili kabla. Sigara aache leo. Na kama anakunywa pombe kila siku semeni ukweli, maana akikatishwa ghafla wodini anaweza kuchanganyikiwa akang'oa mipira.