Wasomaji Wauliza: Treina wa Michezo Marekani, Leseni Yake na Saini ya Daktari

Kabla ya barua, tuelewane kwenye jina. Anayeitwa athletiki treina Marekani si kocha, wala si yule wa gym anayekuhesabia vyuma. Ni mhudumu wa afya: anakinga majeraha, anayachunguza, anatoa huduma ya kwanza na kumsaidia mchezaji kurudi uwanjani. Leseni yake hutolewa na jimbo, si na serikali kuu, ndiyo maana majibu yanageuka kila ukivuka mpaka. Humu tutamwita treina tu.

Mwanangu anacheza football ya Kimarekani sekondari, na mazoezi huanza Agosti jua likiwaka. Uwanjani namwona treina peke yake. Nikiuliza, naambiwa "anafanya kazi chini ya daktari". Daktari gani, na yuko wapi? — Mama wa mchezaji, Jacksonville, Florida

Mama, hujadanganywa, ila hukuambiwa yote. Sheria ya Florida inamtaka treina afanye kazi kwa maelekezo ya daktari mwenye leseni ya jimbo. Maelekezo hayo huweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, kwa mgonjwa mmoja au kwa itifaki, yaani mwongozo wa kudumu, inayohusu wote. Hakuna mahali daktari analazimishwa kusimama pembeni ya uwanja. Anaweza kuwa kliniki mjini, mradi maelekezo yake yapo na yanafuatwa.

Basi cha kuuliza ni ile itifaki. Iliyoandikwa vizuri ina majina na namba za leseni za wote wawili, tarehe ya saini, na mahali inapotumika. Inasema treina afanye nini bila kupiga simu, lini ampigie daktari papo hapo, lini aite ambulensi bila kumsubiri mtu. Inataja dawa pia: nani atatoa sindano ya epinefrini mtoto akivimba koo kwa aleji, na pampu ya pumu inakaa wapi. Ukiona ukurasa mmoja uliojaa "kwa kadiri inavyofaa", ujue hiyo iliandikwa ili faili lisiwe tupu.

Joto litakuonyesha kwa nini karatasi hii ina uzito. Mchezaji akianguka amechanganyikiwa na joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40.5 za Selsiasi, kinachoua ni dakika anazokaa katika joto hilo. Kipimajoto cha paji, sikio au mdomo hudanganya kwa mtu aliyetoka kukimbia. Kinachoaminika uwanjani ni kile cha njia ya haja kubwa. Treina ambaye itifaki yake haikitaji kipimo hicho atasita, na mzazi asiyeambiwa mapema atamaka. Kisha mtoto anazamishwa mpaka shingoni kwenye maji ya barafu, maji yanakorogwa bila kupumzika, hadi joto lishuke karibu nyuzi 38.9. Hapo ndipo safari ya hospitali inaanza. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye, na lengo ni kumaliza kupoza ndani ya nusu saa.

Mambo huharibika ambulensi inapofika. Wahudumu wake wamezoea kubeba na kuondoka. Kama daktari, shule na huduma ya ambulensi hawakukubaliana mapema kwa maandishi, ubishi unazuka pale pale huku mtoto akiendelea kuungua ndani. Tangu 2020 Florida ina sheria inayozitaka shule za sekondari ziwe na beseni la kuzamisha au kifaa kingine cha kupoza mwili kwa mazoezi ya nje kwenye joto kali. Liulizie beseni hilo liko wapi, na nani analijaza barafu kabla ya mazoezi. Lililofungiwa stoo halisaidii.

Namba ya leseni ya treina unaweza kuihakiki bure kwenye tovuti ya Idara ya Afya ya Florida. Halafu uliza itifaki ilisainiwa lini na kama daktari aliyesaini bado yupo. Shule nyingi hupata treina kwa mkataba na kliniki. Daktari akihama, itifaki imebaki yatima hata kama karatasi ingali ukutani.

Usidhani lakini kwamba kila jimbo liko hivyo. Minnesota, kwa mfano, inaweka ukomo wa siku: jeraha la michezo ambalo daktari hajalitambua, treina anaweza kulichunguza na kulitibu kwa siku zisizozidi 30, au kwa muda ambao daktari ameuweka kwenye itifaki, kisha lazima ampe rufaa kwa daktari.

Tulikuwa Seattle, binti yetu alipopata mtikisiko wa ubongo treina alimwandikia ruhusa ya kurudi kucheza. Sasa tuko Houston, yametokea tena, na treina anasema hawezi kusaini. Je, huyu hana sifa? — Baba, Texas

Sifa anazo. Sheria ndiyo imebadilika. Jimbo la Washington, ambako Seattle ipo, lililokuwa la kwanza kupitisha sheria ya mtikisiko wa ubongo kwa vijana mwaka 2009, linamhesabu treina mwenye leseni miongoni mwa wanaoweza kutoa ruhusa hiyo ya maandishi. Texas, kwa sheria ya 2011, inataka tamko la maandishi la daktari anayemtibu mwanafunzi. Daktari huyo mnamchagua ninyi wazazi. Binti lazima pia amalize hatua za kurudi mchezoni zilizowekwa na timu ya shule ya kusimamia mitikisiko ya ubongo, timu ambayo lazima iwe na daktari, na kama shule imeajiri treina, naye lazima awemo. Mzazi anasaini ridhaa. Kocha haruhusiwi kabisa kumrudisha mchezaji kwa kauli yake.

Kosa tunaloliona kwa wazazi ni kupeleka barua ya daktari wakidhani yamekwisha. Bila zile hatua kukamilika, barua peke yake haimvalishi jezi.

Nafanya kazi ghala kubwa Columbus, Ohio. Nikiumia bega, msimamizi hunipeleka kwa treina wa kampuni, si kwa daktari. Ananipaka barafu, ananikanda, narudi kazini. Ni halali? Na je, jeraha langu linaandikwa? — Mfanyakazi kutoka Bukavu

Ni maswali mawili, ndugu, na la pili ndilo zito.

Kwa la kwanza: Ohio inampa treina leseni, na kazi yake hufungamana na makubaliano ya ushirikiano aliyonayo na daktari. Una haki ya kuuliza daktari huyo ni nani. Kuna majimbo ambayo sheria yake bado inamtaja "mwanariadha" au "jeraha la michezo" pekee, na treina wa kiwandani huko hubaki kwenye huduma ya kwanza na kinga. Ndiyo maana kampuni nyingine humpa cheo tofauti kabisa, kama mtaalamu wa kuzuia majeraha. Akikwambia hicho ndicho cheo chake, muulize kama pia ana leseni.

Kwa la pili: kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini, hazitazami nani aliyekuhudumia, zinatazama ulifanyiwa nini. Barafu au joto, bandeji ya kunyumbulika, kukandwa, dawa ya maumivu isiyohitaji cheti cha daktari kwa kipimo chake cha kawaida: vyote ni huduma ya kwanza, na jeraha lililoishia hapo haliingizwi kwenye daftari la majeraha. Gango gumu la kuzuia kiungo kisisogee, tiba ya fiziotherapia, dawa ya cheti, siku ya kukosa kazi au kupangiwa kazi nyepesi: hayo yanaligeuza jeraha kuwa la kuandikwa. Daktari akikufunga bandeji ile ile, bado ni huduma ya kwanza. Treina akikupangia tiba ya mazoezi ya wiki kadhaa kwa jeraha ulilolipata kazini, imevuka mpaka, hata kama kampuni itaiita jina jingine.

Kwa hiyo kuna kampuni zinazopenda treina kwa nia njema, maana bega likishikwa mapema hupona upesi. Na zipo zinazompenda kwa sababu barafu haiandikwi. Wewe angalia dalili: ganzi mkononi, udhaifu wa kushika, maumivu yanayokuamsha usiku, au bega lisiloinuka. Hizo si za kurudia barafu mara ya tano. Mwambie treina akupe rufaa, na andika tarehe uliyomwambia. Treina makini atakupa, kwani leseni yake iko hatarini akikaa na jeraha lililomzidi kimo. Ukiadhibiwa kwa kuripoti jeraha, malalamiko kwa OSHA yana muda wa siku 30 tu tangu kuadhibiwa.

Klabu yetu ya vijana inasafiri kucheza majimbo jirani. Treina wetu ana leseni ya jimbo letu tu. Tumwache nyumbani? — Katibu wa klabu

Msimwache. Oktoba 2018 ilipitishwa sheria ya shirikisho kuhusu leseni za wahudumu wa michezo wanaosafiri. Treina au daktari wa timu mwenye leseni kwao, akiihudumia timu yake jimbo jingine kwa makubaliano ya maandishi, huduma hiyo huhesabika kama ameitoa nyumbani, na bima yake ya makosa ya kitabibu inaendelea kumlinda. Masharti: kwa klabu kama yenu, mashindano yawe yameidhinishwa na shirikisho la kitaifa la mchezo huo; treina awe ameieleza kampuni ya bima mapema aina na ukubwa wa huduma anazotoa, na asitoke nje ya mipaka ya leseni yake. Kinga hiyo haimfuati ndani ya hospitali ya huko, wala wakati mhudumu wa jimbo lile anamsafirisha majeruhi. Na inahusu timu yake: akiitwa kumhudumia mchezaji wa timu pinzani, yuko chini ya sheria za jimbo la wenyeji.

Mimi ni mfiziotherapia niliyesajiliwa Kenya. Nasikia California haidai leseni ya treina. Si nianzie huko? — Msomaji, Nairobi

Ulichosikia ni kweli, na ni mtego. California ndilo jimbo pekee lisilomdhibiti treina kisheria. Texas, kwa kulinganisha, ilianza kutoa leseni tangu 1971. Lakini vyuo, shule kubwa na timu za California hudai cheti cha BOC, bodi ya kitaifa ya mitihani. Na ukianza kutibu viungo kwa ujuzi wako wa fiziotherapia, kumbuka fiziotherapia yenyewe ina leseni California, na kuifanya bila leseni ni kosa.

Kuukalia mtihani wa BOC lazima uhitimu programu iliyothibitishwa na CAATE, tume inayokagua masomo ya utreina, na siku hizi programu hiyo ni shahada ya uzamili. Shahada ya fiziotherapia ya Kenya haiingii badala yake. Utambuzi wa pamoja upo na vyama vya Kanada, Ireland na Uingereza. Afrika Mashariki haimo. Ukishafaulu unaomba leseni ya jimbo, unatafuta daktari na itifaki, ndipo unagusa mgonjwa. Baada ya hapo ni alama 50 za masomo ya kujiendeleza kila miaka miwili, na cheti cha huduma ya dharura ya moyo kisichokatika hata siku moja. Cheti cha BOC kikikatika, majimbo mengi hayahuishi leseni.

Tungekuwa wewe, tungepima kwanza njia ya fiziotherapia yenyewe: shahada yako ikaguliwe na chombo kinachotambuliwa na jimbo unalolilenga, uzibe mapengo ya masomo yatakayoonekana, kisha ufanye mtihani wa taifa wa fiziotherapia. Kuna jambo jingine la uhamiaji ambalo wengi hawaambiwi. Mfiziotherapia yumo kwenye orodha ya Wizara ya Kazi ya Marekani ya taaluma ambazo mwajiri hahitaji kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani wa kumwajiri. Treina hayumo.