Chunusi ya ndani isiyo na mdomo: usiibinye

Chunusi ya ndani utaijua kwa maumivu kabla hujaiona kwenye kioo. Unaosha uso asubuhi, mkono unakutana na kivimbe kigumu chini ya ngozi, na usiku hata mto unaiumiza. Haina kichwa cheupe wala mdomo. Zangu hunitoka kwenye taya siku chache kabla ya hedhi, na joto la kaskazi hapa Lamu huzizidisha.

Kitundu cha ngozi kimeziba kwa mafuta na ngozi iliyokufa, bakteria wamezaliana humo, na mwili umevimba kupambana nao. Yote hayo yako chini kabisa. Ukiibinya, uchafu hauna pa kutokea, unazama zaidi. Uvimbe unakua, na kwa ngozi zetu za maji ya kunde na nyeusi, doa linalobaki huchukua miezi kufifia. Kwa hiyo dada zangu, mikono mbali.

Mimi huanza na joto. Nachemsha maji, nayaacha yapoe mpaka nikiyadondoshea kwenye kiwiko yasiniunguze. Nachukua kitambaa safi cha pamba, nakikunja, nakichovya, nakikamua, kisha nakilaza juu ya uvimbe bila kugandamiza. Kikipoa nachovya tena, mpaka zitimie dakika 10 hadi 15. Nafanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku. Maumivu yakizidi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hutuliza kwa dakika chache. Barafu tupu isiguse ngozi.

Duka la dawa ulizia jeli ya benzoili peroksidi. Anza na ya 2.5%, upake kidogo sana usiku. Hutoa rangi kwenye nguo, basi tandika foronya nyeupe na uiweke jeli mbali na leso yako nzuri. Dawa ya meno na ndimu ziache jikoni na bafuni. Ndimu ikikutana na jua letu la pwani huunguza ngozi hasa.

Mafuta ya nazi nayapenda kwenye nywele, ila usoni huziba vitundu. Hata yale ya kichwani hushuka kwenye paji la uso ukilala, kwa hiyo funga kichwa na uoshe paji asubuhi. Na bibi harusi mwenye chunusi hizi asisuguliwe singo, ule unga wa kusugulia ngozi, usoni. Najua ni vigumu kumkatalia somo, yule mama anayemfunda bibi harusi, lakini mwambie kwa adabu: "Mama, mwilini sugua utakavyo, usoni niachie." Krimu za kung'arisha ndizo zinazonitia hofu zaidi. Baadhi yake huwa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Uso hutakata kwanza, halafu ngozi hukonda na chunusi hufumuka upya.

Uvimbe ukikaribia jicho, wekundu ukisambaa au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Zikirudi kila mara na kuacha makovu, pia mwone daktari. Anaweza kuichoma sindano chunusi yenyewe ikanywea kwa siku chache, au kukuandikia dawa za muda mrefu. Kama una mimba au unaitafuta, mwambie kabla hajaandika chochote, maana vidonge vya isotretinoini, moja ya dawa hizo za chunusi, humdhuru mtoto tumboni.