Mamluki kachukua namba ya mwanangu, nimwambieje?

SWALI: Mwanangu ana miaka 12, yuko darasa la sita hapa Uyole, Mbeya. Ni beki wa timu ya shule na alitegemea kwenda na timu ya kata kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kaachwa. Namba yake kapewa kijana ambaye watoto wanasema ni mamluki, hasomi shule yoyote ya kata yetu, tena ana ndevu. Sasa mazoezi hataki, njumu kazitupa uvunguni. Baba yake anataka kumvaa mwalimu wa michezo mbele za watu. Mimi namwambia asahau tu. Tufanyeje?

JIBU (mshauri wa saikolojia ya watoto): Pole, mama. Hilo la "sahau" liache kwanza. Mtoto wa umri huo anaijua haki vizuri sana. Akiambiwa asahau, anaona hata nyumbani hana wa kumsikiliza. Jioni mkiwa mnamenya viazi (watoto wengi wa kiume huongea zaidi mikono ikiwa na kazi), mwambie: "Nimesikia umeachwa. Inauma. Hebu nieleze ilikuwaje." Kisha nyamaza. Mwalimu usimtetee, wala usimseme vibaya.

Utasikia mambo mawili yamechanganyika: kuachwa, na kudhulumiwa. Mtenganishie. La kuachwa anaweza kulifuatilia mwenyewe: "Mwalimu, niongeze nini nipate namba?" Aulize yeye, si baba. Mjaribishe nyumbani mara kadhaa, maana akifika mbele ya mwalimu anaweza kuishia kulia.

La mamluki ni kazi ya wakubwa. Ila ndevu si ushahidi. Wavulana hubalehe kwa nyakati tofauti, wengine wanaanza na miaka 9, wengine 14, kwa hiyo wa miaka 13 anaweza kuonekana baba mzima. Kinachoonyesha mtoto anasoma wapi ni rejista ya shule na namba ya PREM, yaani namba ya utambulisho ya mwanafunzi. Baba aende ofisini kwa mwalimu mkuu, na akiona kimya aende kwa Afisa Elimu Kata, aombe vikaguliwe. Akigombana uwanjani, atakayetaniwa darasani kesho yake ni mtoto.

Msimwahidi kuwa atarudishwa kikosini. Timu ikishasafiri, hata lalamiko la haki linakuwa limechelewa. Mazoezi msimlazimishe kwa sasa, acheni acheze chandimu na wenzake mtaani. Lakini akianza kugoma kwenda shule, au chakula na usingizi vikimkatika kwa wiki mbili hivi, mpelekeni hospitali akaonane na mtaalamu wa afya ya akili.