Jibu: Samaki aina ya Tropheus wanapoteza mayai, je nianze kuuza vifaranga?

Salaam mkuu. Kwa ulivyoeleza, una Tropheus sita hapo Ujiji, dume mmoja. Majike wanabeba mayai mdomoni wiki moja, kisha yanapotea. Anza na idadi. Sita ni wachache, dume anawakimbiza mno mpaka wanameza au kutema. Weka kundi la 15 hivi, tangi la lita 300 na kuendelea, mawe ya kutosha kujificha. Jike akishabeba usimsumbue, anahitaji takribani siku 28. Na nyama acha kabisa! Hawa ni wala mwani, tumbo linavimba wanakufa. pH ya maji (kipimo cha asidi) isishuke chini ya 8.

Biashara? Jike hutoa vifaranga 5 hadi 15 tu kwa mkupuo. Ukiwa na majike watano, hesabu mwenyewe na umeme wa pampu: hiyo bado hobi.